Kuachia fremu Kariakoo: uhamishe mkataba, upangishe mtu ndani, au urudishe funguo?

Ukipita Mtaa wa Sikukuu au Tandamti pale Kariakoo, hutakosa kuona karatasi imebandikwa kwenye kioo: FREMU INAUZWA, na chini yake namba ya simu. Fremu ni chumba cha duka, na mgeni wa jiji atadhani kuna mtu anauza chumba hicho. Chumba kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe hana habari kwamba karatasi hiyo ipo. Kinachouzwa ni nafasi: miezi ya kodi iliyokwisha kulipwa, wateja waliozoea mlango ule, shelfu zilizopigiliwa ukutani, na matumaini kwamba mwenye nyumba akija akakuta sura ngeni hataleta zogo. Bei ya hivyo vyote kwa pamoja ndiyo kilemba.

Kilemba kwa asili kilikuwa cha heshima. Mwanagenzi akihitimu alimpa fundi wake kilemba, na kwenye ndoa kuna kilemba cha baba wa bibi harusi. Kariakoo tumelichukua neno, heshima tukaiacha njiani.

Nimewahi kuwa upande wa kununua na upande wa kuachia. Mara ya kwanza nilinunua vibaya. Kaka mmoja aliyekuwa na funguo alinionyesha kivuli cha mkataba chenye jina la mtu mwingine, akasema ni ndugu yake, wao ni kitu kimoja. Nikalipa kilemba pamoja na "miezi minane iliyobaki". Mwezi wa tatu akaja mama mwenye nyumba, amejitanda khanga, wanawe wawili nyuma yake. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, wewe ni nani?" Ikabainika kodi ilikuwa imebaki miezi mitano wala si minane, na mwenye jina kwenye mkataba alishahamia Tunduma mwaka uliotangulia. Yule kaka alikuwa mpangaji wa mpangaji. Mama hakuwa na mkataba nami, na kwake miezi ile alilipa mtu mwingine. Akanipa hadi Jumamosi: nilipe kodi upya au nitoe mzigo. Nililipa.

Tangu hapo, mtu akinijia anataka kuachia fremu au kuingia kwenye fremu ya mwenzake, sianzi na kilemba ni shilingi ngapi. Nauliza: ukishaondoka, kwa mwenye nyumba litabaki jina la nani? Njia ziko nne, na zinapishana hasa hapo.

Kuhamisha mkataba

Hapa mkataba unabaki uleule, na tarehe, kodi na masharti yake. Anayebadilika ni mpangaji. Wewe unatoka, mgeni anavaa viatu vyako kwa muda uliobaki, na mwenye nyumba anasaini kukubali. Karatasi inayotakiwa ni ya pande tatu: anayetoka, anayeingia, mwenye nyumba. Karatasi ya wawili, hata ikiwa na mhuri wa wakili na sahihi ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, haimfungi mwenye nyumba ambaye hakuiona.

Mikataba karibu yote ya fremu ina kile kifungu kwamba mpangaji hataruhusiwa kumpangisha mtu mwingine wala kuhamisha upangaji bila idhini ya maandishi. Watu hukisoma haraka siku ya kusaini, kwa sababu siku ile hakuna anayefikiria kuondoka. Kitafute sasa. Kikisema "bila idhini ya maandishi", basi ile "ndiyo" ya kwenye simu haitoshi, hata kama mzee mwenyewe ni mtu wa swala tano.

Faida kubwa ya njia hii ni kodi ya zamani. Kama ulisaini miaka mitatu kwa bei ambayo leo mtaani haipatikani, mgeni atakulipa vizuri kwa ajili ya hiyo bei peke yake. Na hasara yake inatoka mlemle: mwenye nyumba hapati kitu. Anaombwa akubali mtu asiyemjua, abaki na bei ya zamani, asubiri hadi mkataba uishe. Ndiyo maana wengi wakisikia kilemba kimelipwa huuliza, "Na mimi changu kiko wapi?" Si sheria inayompa fungu kwenye kilemba chako, ila ndiye mwenye kalamu. Mjadiliane mapema, kabla mgeni hajakupa hela, kiasi kijulikane, na kiandikwe kwenye ile karatasi ya pande tatu kisije kikaombwa mara ya pili.

Kuna sentensi moja ambayo anayetoka lazima aione imeandikwa: kwamba kuanzia tarehe fulani amefunguliwa na wajibu wote wa mkataba. Bila sentensi hiyo, umehama lakini jina lako bado limo. Mgeni akikwama kodi ya mwaka unaofuata, mwenye nyumba anaweza kusema mkataba alisaini na wewe, na atakuwa na karatasi ya kuonyesha. Naye anayeingia ana sentensi yake ya kudai: mwenye nyumba athibitishe kwamba hadi tarehe ya makabidhiano hakuna deni la kodi, wala notisi yoyote iliyotolewa. Ningekuwa na mstari huo mwaka ule, mama asingekuwa na haja ya kuniuliza mimi ni nani.

Kurudisha fremu, mgeni aandike mkataba wake

Njia ya pili ni kuvunja mkataba wako kwa maelewano na siku ileile mgeni aandike wake na mwenye nyumba. Kwa fremu za kawaida za nguo, viatu, simu na vipodozi, mimi hii naipenda kuliko zote. Jina lako linafutika kabisa, mgeni ana mkataba wenye jina lake tangu ukurasa wa kwanza, na mwenye nyumba anapata nafasi ya kupandisha kodi kidogo, jambo linalompa sababu ya kuja mezani akitabasamu.

Ugumu wake ni hela iliyokwisha kulipwa. Tuseme kodi ni 800,000 kwa mwezi, ukalipa mwaka mzima, 9,600,000. Umekaa miezi mitano. Imebaki saba, ambayo ni 5,600,000. Ukimrudishia mwenye nyumba fremu na kutegemea akurudishie hiyo 5,600,000, utasubiri sana. Hela ya kodi ikishaingia Kariakoo huwa tayari ni ada ya shule au bati la nyumba ya Chanika. Usiingie kwenye mazungumzo ukiidai.

Linalofanya kazi ni hili. Mgeni anakulipa wewe 5,600,000 ya miezi saba. Mwenye nyumba anamwandikia mgeni mkataba mpya wa mwaka mmoja unaoanza leo, unaosema wazi kwamba miezi saba ya mwanzo imekwisha kulipwa kwa kodi iliyopokewa kutoka kwa mpangaji aliyetangulia, na mgeni anamlipa mwenye nyumba miezi mitano ya mwisho, 4,000,000. Mgeni ametoa mwaka mmoja kamili, wewe umepata chako, mwenye nyumba ameshika milioni nne ambazo asingeziona hadi miezi saba ipite. Hakuna anayeombwa arudishe kitu. Nimeona mwenye nyumba aliyekuwa mkali kama pilipili akilainika dakika alipoelewa hesabu hii. Akitaka bei mpya, sema 900,000, ipige kwenye ile miezi mitano tu: 4,500,000. Miezi saba ulishainunua wewe kwa bei ya zamani.

Mahali njia hii inapokufunga ni mkataba mrefu wenye bei nzuri. Ukiurudisha, ile bei imekufa. Mgeni aliyekuwa tayari kukupa kilemba cha maana kwa sababu ya miaka miwili iliyobaki kwa bei ya chini atapunguza, na atakuwa sahihi.

Kuna hali mbili ambazo mkataba mpya ni bora hata ukiwa na muda mrefu. Ya kwanza ni mkataba wa zamani uliotaja kodi kwa dola. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za hapa nchini, kwa hiyo anayehamishiwa mkataba wa dola anarithi kifungu chenye ugonjwa. Aandikiwe wa shilingi. Ya pili ni pale mgeni anapotaka kufanya biashara ya aina tofauti. Mkataba wako unasema "duka la vitenge", mgeni anataka kukaanga chipsi. Huo si uhamisho, ni mazungumzo mengine kabisa juu ya moshi, gesi na bomba la maji machafu, na mwenye nyumba ana haki ya kuyaanza upya.

Kupangisha mtu ndani ya pango lako

Hii ndiyo iliyoniumiza, na ndiyo inayotumika kuliko zote kwa sababu haina safari ya kwa mwenye nyumba. Unabaki mpangaji, unamweka mtu, anakulipa wewe, wewe unalipa juu. Wengine huweka faida: chumba cha 800,000 wanamtoza mwenzao milioni na laki mbili.

Sisemi haina mahali pake. Kama unaondoka miezi sita kwenda kujifungua au kumuuguza mzazi Moshi, na unakusudia kurudi, huna sababu ya kuua mkataba wako. Kama una fremu kubwa na unamgawia fundi simu kona ya mbele, hiyo pia ni sawa. Ila omba idhini kwa maandishi, na muda wa mtu wako wa ndani uishe kabla ya wako, hata kwa wiki mbili. Mkataba wako ukifa, wa kwake hauna pa kusimama.

Kwa anayeingia, hii ndiyo njia yenye hatari kuliko zote. Unaweza kulipa kila mwezi kwa uaminifu na bado ukafungiwa mlango kwa sababu uliyemlipa hakupeleka. Mashirika ya umma yenye majengo hayataki kabisa mpangaji ageuke mwenye nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa limekuwa likilipigia kelele jambo hili miaka mingi. Ukiambiwa fremu ni ya shirika na unayempa hela ni mtu binafsi mwenye suruali ya jinzi, hela irudi mfukoni kwanza.

Kuuza kampuni nzima

Nitaipita haraka maana wachache inawahusu. Kama mkataba uko kwa jina la kampuni yenye hisa, unaweza kuuza hisa. Mpangaji anabaki kampuni ileile, wenye kampuni wanabadilika, na mabadiliko yanapelekwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Kwa mgahawa mkubwa au bohari yenye vibali vingi inaokoa miezi ya kuzunguka maofisini. Lakini anayenunua ananunua na madeni: ya kodi za serikali kwa TRA, ya mfuko wa hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi, ya mawakala wa mzigo. Na mikataba mingi iliyoandikwa na mawakili wazuri inahesabu kuuza hisa nyingi kuwa ni kuhamisha upangaji, kwa hiyo hujakwepa idhini. Jina la biashara tu, lisilo kampuni, haliwezi kutumika hivi. Hilo ni wewe mwenyewe umevaa kofia.

| Njia | Jina linalobaki kwa mwenye nyumba | Kodi ikikwama anadaiwa | Inamfaa |
|---|---|---|---|
| Kuhamisha mkataba | La mgeni, kama mwenye nyumba ametia sahihi | Mgeni. Nawe pia usipofunguliwa kwa maandishi | Mwenye muda mrefu uliobaki kwa bei nzuri |
| Kurudisha na kuandika upya | La mgeni | Mgeni peke yake | Fremu ya mwaka mmoja, kodi ya mbele |
| Kupangisha ndani | Lako | Wewe | Anayekusudia kurudi |
| Kuuza hisa | La kampuni | Kampuni | Biashara kubwa yenye vibali |

Mwenye nyumba ni nani hasa

Jedwali linasema "mwenye nyumba" kana kwamba ni mtu mmoja. Kariakoo hilo ni la kuchunguza kuliko mengine yote, na sehemu hii ningetaka uisome mara mbili.

Nyumba nyingi za zamani pale ni za urithi. Babu alijenga, akaacha wake wawili na watoto tisa. Mmoja yuko Muscat, wawili Tanga, mmoja ndiye anayekusanya kodi. Yule anayekusanya kodi ni mtoto wa nyumba, lakini si lazima awe na mamlaka ya kusaini. Muulize barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Msimamizi ndiye anayeweza kukubali uhamisho. Ukikutana na dada mtu akasema, "Kaka yangu hatusikilizi, lakini mimi nimekubali," mshukuru, umwamkie mama yake, na usilipe. Ugomvi wa ndugu ukifika kwa mpangaji mpya, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa hatambuliki.

Nyingine zimevunjwa zikajengwa ghorofa kwa ubia. Familia ilitoa kiwanja, mwekezaji akatoa hela, wakagawana: mwekezaji akusanye kodi ya ghorofa za chini kwa miaka kadhaa, kisha zirudi kwa familia. Hapo muulize anayesaini miaka yake inaisha lini. Akibakiwa na mwaka mmoja na wewe unahamishiwa mkataba wa miaka mitatu, miaka miwili umepewa na mtu asiye nayo. Nimeshuhudia kijana wa vifaa vya umeme aliyelipia kilemba cha nguvu kwenye ghorofa la namna hiyo. Familia ilipochukua jengo ilimwambia kwa upole kabisa kwamba kilemba chake akamdai aliyekipokea.

Na baada ya jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, ongeza swali jingine, nalo usimwulize dalali. Uliza majirani kama chini kunachimbwa au kuna mpango wa kupanua ghorofa ya chini ya ardhi. Majirani husema ukweli, hasa muuza kahawa.

Dalali naye ana nafasi yake. Kwa mazoea hula kodi ya mwezi mmoja. Lakini dalali anataka jambo liishe leo. Akikwambia mwenye nyumba yuko safarini na "tumeshaongea naye", msubiri arudi safari.

Karatasi za serikali: kipi kinahama na kipi hakihami

Hapa njia zote nne zinakutana, isipokuwa ya hisa.

Leseni ya biashara imeandikwa jina na mahali. Mgeni hawezi kuuza chini ya leseni yako eti kwa sababu bado imebaki miezi minne. Hali kadhalika TIN, yaani namba ya mlipakodi, na EFD, mashine ya kutolea risiti: ni zako, zimesajiliwa kwa jina lako. Anayekwambia "niachie na mashine, nitaitumia kwa muda tu" anakuomba umkopeshe mauzo yake yawe kodi yako. Toa taarifa TRA kwamba umefunga au umehamisha eneo, na ubebe mashine. Famasi ni habari nyingine tena, maana Baraza la Famasi husajili jengo lenyewe kwa kazi hiyo. Anayenunua famasi aanzie kwenye usajili huo kabla hajagusa suala la kodi.

Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Kwenye hesabu yetu ya milioni nne, mgeni anapeleka 400,000 TRA na kumpa mwenye nyumba 3,600,000. Wenye nyumba wengi hukataa kusikia neno hili, wanataka milioni nne kavu, na wapangaji hujikuta wakiibeba wao ili wapewe chumba. Jadilini kabla ya kupatana bei, kwa sababu asipokata, TRA humfuata yeye mpangaji. Kwa anayehamishiwa mkataba: dai risiti za zuio za aliyetangulia, zikae kwenye faili lako.

Halafu ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka: 96,000 kwa 9,600,000. Ni hela ndogo, na watu huiruka kwa sababu hakuna anayekuja kuidai. Itadaiwa siku mmegombana. Karatasi isiyolipiwa stempu haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu yake, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako kesi hizi hupelekwa, halitakuonea huruma kwa kuwa hukujua.

Jambo moja limebadilika karibuni na wengi wanaoachia fremu hawalifuatilii. Amri ya Julai 2025 inawakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo za jumla na rejareja ukiacha supamaketi, na ufundi simu. Mgeni mwenye kilemba kinono asipokuwa raia, hatapata leseni ya duka lile. Atakuomba ubaki wewe na jina kwenye mkataba na leseni, yeye awe nyuma ya kaunta. Raia anayemsaidia naye ana kosa. Kilemba kile kikatae hata kikiwa mara mbili.

Kilemba kinalipia nini

Nashauri kilemba kivunjwe vipande kwenye karatasi. Tuseme mmepatana 6,000,000 nje ya kodi. Andikeni: shelfu na kabati za vioo 2,200,000, AC 900,000, geti la kukunja 700,000, nafasi na wateja 2,200,000. Kufanya hivyo kunasaidia kwa sababu shelfu zinahesabika, na mgeni akiingia akakuta AC imeng'olewa anajua anadai kiasi gani. Pia mwenye nyumba akisema geti ni la kwake, jambo linalotokea, ugomvi unakuwa wa laki saba badala ya milioni sita. Muulizeni mapema vitu gani ni vya jengo. Tailizi na dari ulizoweka wewe, kwa mikataba mingi, zimeshakuwa zake.

Kipande cha "nafasi" kilipwe kwa awamu mbili. Nusu siku ya kusaini, nusu baada ya mwenye nyumba kutoa mkataba au idhini yenye sahihi. Anayekataa mpango huo ana jambo analolijua.

Ndugu zetu wa Nairobi wanaita kitu hikihiki gudwili, lakini hesabu yao ina msingi tofauti. Kenya kuna Sura ya 301, sheria ya mwaka 1965 inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa: mkataba usioandikwa, au ulioandikwa usiozidi miaka mitano, unakuwa upangaji wenye ulinzi, na mwenye nyumba hawezi kuuvunja bila notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, na mpangaji anaweza kukimbilia baraza lake maalumu. Ndiyo maana mikataba mingi ya maduka kule utakuta ni ya miaka mitano na miezi mitatu. Wenye majengo wanairuka ile mitano. Kwetu sheria ya zamani ya kudhibiti pango ilifutwa mwaka 2005. Anayenunua fremu Kariakoo ananunua kilichoandikwa kwenye mkataba na si zaidi, kwa hiyo asikubali bei kwa kulinganisha na ya jamaa yake wa Luthuli Avenue.

Ningechagua ipi

Una fremu ya mwaka mmoja mmoja, imebaki miezi kadhaa, mwenye nyumba anafikika: rudisha, mgeni aandike wake, tumieni ile hesabu ya miezi saba na mitano. Sioni sababu ya kuhangaika na uhamisho kwa ajili ya miezi saba.

Una mgahawa au saluni uliyotia mamilioni ndani, mkataba bado miaka miwili, bei nzuri: hamisha, lipa wakili, pata ile sentensi ya kufunguliwa. Mwenye nyumba akitaka chake mpe kitu, maana bila sahihi yake hiyo miaka miwili huwezi kumuuzia mtu.

Imebaki miezi miwili tu: usiuze kodi. Uza shelfu, mtambulishe mgeni kwa mwenye nyumba, ondoka na heshima yako. Kuna watu wanapigania kilemba cha miezi miwili hadi miezi yenyewe inaisha.

Mwenye nyumba amekataa kabisa: rudi kwenye mkataba, soma kifungu cha notisi, utoe notisi yako, uuze mzigo kwa bei ya kutupa ikibidi. Najua inauma. Wengi hapo ndipo wanapomwingiza mtu kimyakimya usiku, na ndipo wapangaji kama mimi wa mwaka ule wanapopatikana.

Siku ya makabidhiano nendeni watatu, pamoja na mwenye nyumba au mtu wake mwenye barua. Piga picha mita ya LUKU na uandike namba yake. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia umeme, na mita iliyokaa bila kununuliwa umeme inaweza kuwa imelimbikiza deni ambalo mgeni atakatwa akinunua umeme wa kwanza. Angalieni bili ya maji ya DAWASA. Hamisha namba ya simu iliyo kwenye kibao, au ifute kwa rangi, la sivyo utapigiwa na wateja wa mtu mwingine hadi mwaka uishe. Kisha hesabuni funguo zote, pamoja na ule wa kufuli la mlango wa nyuma ambao kwa kawaida uko kwa kijana wa dukani, naye siku hiyo hayupo.